Kurudisha Upanga Alani



Hapa Japani ninakosoma nimeanza kujifunza iaido, sanaa ya kuchomoa upanga, inayohusishwa na Hayashizaki Jinsuke wa karne ya 16. Usifikirie mapigano ya kwenye sinema. Hakuna anayepigwa. Mara nyingi unakuwa peke yako, umepiga magoti, na adui unamwona kwa mawazo tu. Upanga wa mazoezi wenyewe hauna makali. Unarudia hatua nne: kuchomoa na kukata kwa mwendo mmoja, kukata tena kutoka juu, kukung'uta damu, halafu kurudisha upanga alani.

Rafiki zangu wa nyumbani waliuliza: Mkatoliki anaruhusiwa kweli kuinamia upanga? Maana tunauinamia mwanzo na mwisho wa mazoezi. Kwa Wajapani kuinama ni salamu na shukrani, hata muuza duka anakuinamia, kwa hiyo mimi sioni shida. Ila kumbi nyingine zina madhabahu ndogo ya dini ya Shinto. Hapo muulize mwalimu maana yake, na uongee na padre wako. Usijiamulie tu.

Kila mgeni huja na hamu ya kuchomoa. Kumbe kazi iko kwenye hatua ya nne, inayoitwa noto. Mkono wa kushoto unashika mdomo wa ala. Mgongo wa upanga unateleza juu ya mkono huo mpaka ncha ipate mdomo, kisha upanga unaingia polepole. Na huruhusiwi kutazama chini! Macho yanabaki kwa adui aliyeanguka, moyo uko macho. Wenyewe wanaita zanshin. Siku ukifika kushika upanga wenye makali, ukiharakisha hapo unajikata mkono wako mwenyewe.

Sasa fungua Yohane 18. Petro amechomoa na kumkata Malko sikio la kuume. Kuchomoa aliweza. Yesu anamwagiza aurudishe upanga alani, na Luka 22:51 anatuambia kwamba alimponya yule mtu. Lakini usiishie hapo, soma mpaka aya ya 23. Yesu anapigwa kofi na mlinzi, na hanyamazi: anamuuliza kwa nini amempiga. Upanga uko alani, ila macho hayajafumbwa.

Hilo linanigusa sana, kwa sababu kwenye simu yangu kuna ujumbe ambao sijautuma. Mwenzangu mmoja alinisema vibaya kwenye kundi la WhatsApp, mbele ya watu wote, kwa jambo ambalo si kweli. Jibu langu ni kali na kila neno lake ni la kweli. Nimelisoma mara tano. Kusamehe si kujifanya sikuumia, na swali lile la Yesu linanipa ruhusa ya kuuliza. Ila kumuuliza "mbona ulisema vile?" tukiwa wawili ni tofauti kabisa na kumkata sikio mbele ya kundi zima.

Huku Japani tunaye Mwenye Heri Justo Takayama Ukon, samurai kweli kweli, aliyebatizwa akiwa mtoto. Mwaka 1587 mtawala Toyotomi Hideyoshi alimtaka aache imani. Ukon alikuwa bwana mwenye ardhi na askari. Hakuchomoa upanga, na hakumkana Kristo pia. Aliacha ardhi na cheo, akaondoka. Mwaka 1614 akafukuzwa nchini, na Februari 1615 akafariki Manila. Alitangazwa Mwenye Heri jijini Osaka tarehe 7 Februari 2017.

Wiki hii tusome Yohane 18:1-23 taratibu, tukiangalia nani ana silaha na nani hana hofu. Kwenye ule ujumbe wangu nimeshafuta maneno mawili. Bado mengi. Mniombee.