Kuchagua Glavu za Kusafishia Bwawa la Samaki

Bwawa la perege linalojazwa kwa mfereji kutoka kijito cha milima ya Uluguru huweza kupokea konokono pamoja na maji. Baadhi ya konokono hutoa vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi isiyo na jeraha kwa dakika chache. Kwa hiyo glavu huchaguliwa kwa urefu kwanza, si kwa bei.

Maneno mawili: *pindo* ni ukingo wa mdomo wa glavu, *kina cha kazi* ni umbali kutoka uso wa maji hadi chini ya tope utakalochota.

Andaa fimbo nyoofu, futi kamba ya fundi cherehani na beseni la maji safi.

1. Punguza maji ya bwawa, kisha pima kina cha kazi. Simama ukingoni, zamisha fimbo penye kina kirefu zaidi, itoe, pima sehemu iliyolowa. Usiingie majini. Ongeza sm 15: huo ndio urefu wa chini wa glavu. Kina cha sm 40 kinahitaji glavu ya sm 55. Glavu ya kufulia, yenye takriban sm 30, inatosha kina cha sm 15 tu. Jibu likizidi sm 60, punguza maji tena, upime upya. Usipunje hatua hii: maji yakivuka pindo, glavu huyashikilia juu ya ngozi.

2. Pima mzunguko wa kiganja kwenye vifundo vya vidole vinne, bila dole gumba. Sm 20 ni saizi 8. Sm 23 ni 9. Sm 25 ni 10. Ukiwa katikati, chukua kubwa.

3. Chagua PVC nene au nitrili nene. Ukitumia pampu ya petroli, chukua nitrili. Usichukue mpira wa asili, kwani mafuta huuharibu. Kataa glavu za hospitali, huchanika. Kataa pia za kufumwa zilizopakwa mpira kiganjani pekee: mgongoni hupitisha maji.

4. Soma alama ya EN 388 (kipimo cha uimara wa glavu) kabla ya kulipa. Tarakimu ya nne ni ukinzani wa kutobolewa; chukua 2 au zaidi. Alama hiyo haithibitishi kuzuia maji. Kama bwawa lina kambale, watoe kwanza kwa wavu, kwani miiba ya mapezi yao hutoboa hata glavu nzuri.

5. Jaribu uvujaji kila mara kabla ya kazi. Kunja pindo mara tatu ili kubana hewa, zamisha glavu katika beseni, hesabu hadi 30. Mapovu yakitoka mfululizo, itupe, usiweke kiraka. Rudia kwa ya pili.

6. Vaa ovaroli ya mpira yenye mabuti kabla ya glavu. Glavu hazilindi miguu.

7. Ukimaliza kazi, osha glavu kwa sabuni zikiwa mkononi, zivue, nawa, zianike kivulini pindo likitazama chini. Kama maji yaliingia, sugua ngozi kwa taulo kavu papo hapo, andika tarehe, uende nayo zahanati. Mayai ya kichocho huonekana kwenye vipimo wiki kadhaa baadaye, hivyo jibu safi la kesho yake halitoshi; uliza tarehe ya kurudi.