Kabla Kikundi Hakijanunua Gari



Safari hii hatutaongea juu ya mbolea wala kuku. Vikundi vitatu, viwili upande wa Kiminini na kimoja karibu na Chwele, vimetuletea swali moja. Wameweka akiba kwa miaka kadhaa na sasa wanataka gari la kikundi. Gari la kupeleka mgonjwa hospitali Kitale au Bungoma, la kwenda matanga, la kupeleka mahindi na vitunguu sokoni. Je, wanunue gari la namna gani?

Tulikaa na kikundi kimoja tukawauliza wanataka gari lenye nini. Mzee mmoja alisema viti vya ngozi. Kijana akasema rimu zinazong'aa na redio yenye kioo. Mama mmoja aliyekuwa kimya muda mrefu akasema, "Mimi nataka gari ambalo nikipanda na mjukuu wangu tutafika." Basi tukaanzia hapo, na nyinyi tunawaomba muanzie hapo.

Kwanza mtazame mti wa mkaratusi. Mtu akianguka kutoka mita 10 juu ya mti, atafika chini kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga kitu likiwa na mwendo huo na wewe hujafunga mkanda, ni kama umeanguka kutoka huko. Kwa mwendo wa kilomita 80, mti huo una mita 25. Hakuna mtu angepanda mita 25 na kujiachilia, lakini kutoka Webuye hadi Kamukuywa tunafanya hivyo kila siku ya soko.

Mkanda ndio unaokushika usianguke. Ule unaopita begani na kiunoni ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo huko Uswidi, na kampuni hiyo ikaruhusu wengine wautumie. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa mtu wa kiti cha mbele karibu nusu. Hapa Kenya tunakumbuka sheria za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilizotaka kila kiti cha matatu kiwe na mkanda na mwendo usizidi kilomita 80. Mikanda ilifungwa. Leo mingi imekaliwa, au imekatika, au imefichwa chini ya kitambaa cha kiti.

Kwa hivyo mkienda kuangalia gari, msihesabu viti, hesabuni mikanda. Vuteni kila mmoja kwa ghafla: ukishika papo hapo, ni mzima. Ukiendelea kutoka tu, umekufa. Gari lenye mikanda saba hubeba watu saba. Ile ya "sogea kidogo, mama akae" haimo katika hesabu hii.

Na mtoto je? Hapa akina mama walitupinga sana, wakasema hakuna mkanda unaoshinda mikono ya mama. Tukafanya hesabu pamoja. Mtoto wa kilo 10, gari likisimama ghafla kwa mgongano kutoka mwendo wa kilomita 50, huivuta mikono yako kama kitu cha kilo 140 hivi, yaani gunia moja na nusu la mahindi. Nani hapa anaweza kulishika gunia na nusu linaloruka? Kukawa kimya. Mtoto akae nyuma, na kama kikundi kinaweza, nunueni kiti cha mtoto pamoja na gari. Msimpakate mtoto kiti cha mbele, maana mfuko wa hewa ukifunguka utamkuta yeye kwanza.

Juu ya mifuko hiyo ya hewa, mjue jambo moja. Ukiwasha ufunguo, taa yake kwenye dashibodi huwaka kidogo kisha huzima. Isipozima, kuna kasoro. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameitoa ili usijue. Pia kuna mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, ambayo dawa yake huharibika kwa joto na unyevu hata ikapasua chuma na kuua watu. Ilifungwa kwenye magari ya kampuni nyingi, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Chukueni namba ya chesisi, mwende kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, muulize kama lilikuwa limeitwa kurekebishwa.

Mnunuzi mwingine huambiwa, "Hii ni mpya, imetoka Mombasa juzi." Sheria yetu inaruhusu gari lililotumika liingie nchini kama halijapita miaka minane. Basi hilo "jipya" linaweza kuwa limefanya kazi miaka saba kwa wenyewe. Angalieni tairi: ubavuni kuna namba nne ndani ya duara dogo. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu linaweza kuwa na meno mazuri na bado likapasuka.

Sasa raha. Msidhani raha ni mambo ya matajiri tu. Dereva ambaye kiti kinamuumiza mgongo, na jua linampiga usoni kuanzia Malaba, huchoka, na dereva aliyechoka ni hatari. Mgonjwa naye ana haki yake. Gari kama Noah au Sienta lina mlango wa kuteleza na sakafu ya chini, mama mjamzito au mzee wa magoti mabaya huingia bila kuinuliwa. Lakini Noah tumbo lake liko chini. Nendeni mpime barabara yenu ya murram wakati wa mvua ya Aprili, si Januari. Na Sienta ukijaza watu saba, nyuma hubaki nafasi ya kikapu.

Probox je? Lilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002 kama gari la kazi. Ile ya mizigo ilipangiwa kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watano. Kwa lugha yetu: watu wawili na magunia manne, au watu watano na magunia mawili. Sisi tumeziona zikiwa na watu kumi na magunia juu ya keria, taa za mbele zikiangalia mbinguni. Breki za gari hilo hazikufundishwa kusimamisha uzito huo. Tena mzigo wa nyuma ufungwe kwa kamba, maana gunia huendelea na safari gari likisimama.

Mwisho, bima. Bima ya gari la binafsi haihesabu abiria wa nauli. Mkibeba watu kwa nauli, siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kuwalipa nyinyi, na kikundi kikauza ng'ombe. Kama ni biashara, chukueni bima na leseni ya biashara. (Jina la nani litaandikwa kwenye logbuku, hilo tutalifundisha toleo lijalo. Limevunja vikundi vingi.)

Kabla ya mkutano ujao, chagueni watu wawili, mmoja awe mama. Waende stendi, waombe kuangalia magari matatu, wahesabu mikanda inayoshika na kuandika namba za tairi. Halafu mweka hazina asome majibu kabla bei haijatajwa.