Kukata mstari wa maneno ndani ya ordinateri

Wanafunzi wenzangu, ninyi mnaosoma informatiki mnajua kwamba ukurasa wa intaneti hupokea maneno kama mlolongo mmoja wa herufi. Ordinateri haioni kwamba hapa ni jina, pale ni pointi. Ni sisi tunaiambia ikate wapi. Katika PHP tunatumia explode, katika JavaScript ni split. Tunaipa mstari na alama ya kukatia, nayo inarudisha tablo, ni kusema vipande vimepangwa kwa namba, kuanzia 0, si 1. Alama yenyewe inatoweka, kama vile kisu hakibaki ndani ya muhogo.

Sasa shida iko wapi? Iko kwenye alama. Mifano mingi ya vitabu inakata kwa virgili. Lakini sisi huku Butembo na Beni tunaandika pointi kwa namna ya Kifaransa, 9,5. Angalieni mstari huu: jina, Hesabu, Historia.

Kasereka,9,5,10,5

Kata kwa virgili: vipande vitano! Namba 0 ni Kasereka, namba 1 ni 9, namba 2 ni 5. Basi Historia inakuwa 5, na mtoto wa watu anaanguka, hata kama alipata 20 juu ya 40, nusu kamili. Lazima tuandike hivi:

Kasereka;9,5;10,5

Halafu mstari.split(";"), vipande vitatu. Lakini msikimbie bado! JavaScript ilitengenezwa na Brendan Eich huko Marekani katika mwaka 1995, na desimali yake ni ya nukta. parseFloat("9,5") inasoma 9 tu, ile nusu inaiacha kimya-kimya. Kasereka anabaki na 19. Kwanza badilisha virgili kuwa nukta, 9.5, ndipo ujumlishe.

Jina nalo msilikate kwa nafasi tupu. Kwetu wakina Kambale na Masika ni wengi, kipande cha kwanza hakitoshi kumjua mtu. Tena kuna Jean Pierre bila kistari, basi majina yanahama viti. Jina libaki kizima.

Na ule mstari mtupu chini ya orodha: ukiukata hautoi tablo tupu, unatoa tablo yenye kipande kimoja kitupu. Upime kwanza, uuruke, juu bila hivyo darasa linapata mwanafunzi mmoja zaidi, asiye na jina wala pointi.