Simu Nje, Rafu Mezani

Swali: Binti yangu anasomea ufundi wa ndege Dar es Salaam. Anasema wakati wa mtihani simu huachwa nje na hata karatasi za rafu hukusanywa. Si kuwaonea huko?
Mzazi, Karatu

Jibu: Hapana. Maswali hutoka kwenye benki ya maswali na hutumika tena. Yakivuja, kundi lijalo litakariri herufi za majibu tu. Chini ya kanuni za Ulaya, kwa mfano, kila swali la kuchagua lina majibu matatu, wastani wa sekunde 75, na kufaulu ni asilimia 75. Anayekamatwa akiibia hafanyi mtihani mwingine kwa miezi isiyopungua 12. Kinachonikera mimi zaidi ni mwalimu kusimamia mtihani wa darasa lake mwenyewe. Ukali huo una sababu: ndege zinazotua Lake Manyara na watalii wa Ngorongoro huruka kwa saini ya fundi. Muulize binti kama bahasha ya mtihani hufunguliwa mbele yao.