Kujitambulisha na Kufikika: Jina la Mtu Mtaani na Ofisini

Katika vijiji na mitaa mingi yupo mtu anayefahamika kwa wote, ilhali jina lake halisi halijulikani na yeyote. Huitwa Fundi, au Mpemba, au Mzee wa Mkaa. Alifika miaka mingi iliyopita, akapanga chumba, akapata kazi, akazoeana na watu. Siku anapoanguka ghafla na kupelekwa kituo cha afya akiwa hana fahamu, mhudumu huuliza jina lake kamili, umri wake, na ndugu wa kuarifiwa. Majirani waliombeba hutazamana. Wanajua anavyocheka, wanajua timu anayoishabikia, wanajua kwamba hunywa chai isiyo na sukari. Hawajui baba yake anaitwa nani, wala kwao ni wapi.

Hakuna aliyekosa wema hapo. Jina la utani lina mapenzi ndani yake, na kumwita mzazi kwa jina la mtoto wake wa kwanza ni adabu ya siku nyingi ambayo hakuna sababu ya kuiacha. Mama Neema abaki kuwa Mama Neema. Shida huanza pale jina hilo linapokuwa ndilo pekee linalojulikana, kwa kuwa daftari la mgonjwa, orodha ya wanufaika na hati ya shamba havimtambui Mama Neema. Kuzoeleka na kutambulika ni mambo mawili, na mtu anaweza kuwa na la kwanza kwa wingi huku akikosa la pili kabisa.

Tofauti hiyo hujitokeza zaidi mwananchi anapohitaji barua ya utambulisho. Barua hii huombwa na mkazi anayetaka kufungua akaunti ya benki, kushughulikia kitambulisho cha Taifa, kumdhamini ndugu yake, au kuwasilisha maombi ya kazi. Wengi huichukulia kuwa karatasi ya kugongwa muhuri tu. Kwa hakika ni ushahidi: anayetia saini anathibitisha kwamba anamfahamu mtu huyo na kwamba ni mkazi wa eneo lake. Mtendaji anapomwelekeza mwombaji aanzie kwa mwenyekiti wa kitongoji, hamdharau wala hamzungushi, anamtafuta mtu anayeweza kusema kwa ukweli, “Huyu ninamjua, anaishi pale.” Mwenyekiti naye hawezi kusema hivyo juu ya mtu anayemwona kwa mara ya kwanza akiwa na haraka ya kuwahi gari la saa nne.

Mahali pa kujulikana papo, na sheria imepaweka. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Mpangaji ni mkazi. Mwanamke aliyeolewa kijijini ni mkazi. Anayesimama mkutanoni, akataja majina yake na kitongoji chake kabla ya kutoa hoja, hupata faida mbili kwa mara moja: hoja yake huandikwa kwa jina lake, na uso wake hukumbukwa na viongozi siku atakapofika kuomba huduma.

Kuhusu nyaraka, inatosha kusema kwamba majina yafanane. Anayeitwa Hamisi Juma katika cheti cha kuzaliwa na Juma Hamisi katika cheti cha shule atalazimika kueleza mbele ya kila dirisha kwamba hao ni mtu mmoja, na mara nyingi ataombwa hati ya kiapo. Tarehe ya kuzaliwa nayo ihakikiwe mapema. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kosa lililoingia hapo humfuata mtu kila namba hiyo inapotumika.

Lakini haitakuwa haki kumtaka mwananchi ajitambulishe ikiwa mtumishi aliye mbele yake hana jina. Mkazi anaporudi mara ya pili na kuulizwa alihudumiwa na nani, akajibu “yule kaka mrefu,” ufuatiliaji umekwisha kabla ya kuanza. Beji ya jina kifuani, au kibao mezani, ni ahadi kwamba kauli iliyotolewa leo ina mwenyewe hata kesho. Penye upungufu wa beji mdomo upo: “Karibu, mimi ni fulani, nashughulikia maombi ya aina hii.” Maneno hayo hayachukui hata nusu dakika.

Hodi ni mfano mzuri wa jambo dogo lenye uzito. Mwenyeji akiitikia “karibu” huku macho yako kwenye simu, mgeni huelewa kwamba ameruhusiwa kuingia tu, hajakaribishwa. Vivyo hivyo shikamoo. Imezoeleka katika baadhi ya ofisi kwamba kijana aliyekaa nyuma ya meza husubiri kusalimiwa na mzee aliyesimama mbele yake, kana kwamba kiti kimembadilishia umri. Kiti hakina uwezo huo. Mzee aliyeamkiwa kwanza huketi, hutulia, hueleza shida yake kwa mpangilio. Aliyepuuzwa hueleza nusu, huondoka, na nusu iliyobaki hubaki bila kushughulikiwa.

Mavazi pia husema kabla mtu hajafungua kinywa. Wanawake wa pwani wanalijua hili kuliko wote, kwani maneno yaliyochapwa kwenye kanga huitwa jina, na mnunuzi hulisoma jina kabla ya kuchagua rangi. Watumishi wa umma wanao mwongozo wao wa mavazi kazini, uliotolewa kwa waraka wa mwaka 2007. Ndani ya mipaka ya heshima hiyo bado ipo nafasi ya mtu kuwa yeye mwenyewe, awe amejitanda mtandio, amesuka nywele kwa mtindo wa kwao, au anazungumza kwa lafudhi ya alikozaliwa. Unadhifu haudai watu wote wafanane.

Kufikika hakumaanishi kuuliza kila kitu hadharani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazilinda taarifa za mtu, na kwa namna ya pekee zile za afya yake. Mhudumu anayemwita mgonjwa kwa sauti pamoja na ugonjwa wake, mbele ya benchi lililojaa watu, amemfungia mlango hata kama mlango wa chumba uko wazi. Jina liitwe kwa sauti. Yaliyobaki yazungumzwe ndani.

Kwenye simu desturi ya “nani mwenzangu?” inafaa kupumzishwa, hasa pale aliyepiga ndiye anayeuliza. Mwananchi anayepiga simu ofisini aseme majina yake, kijiji chake na shida yake. Anayepokea ataje ofisi na jina lake.

Kwa anayehamia kijiji au kitongoji kipya, ni vyema afike kwa mwenyekiti wa kitongoji mapema, hata kama hana shida yoyote siku hiyo. Ataje majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, alikotoka, nyumba anayoishi na kazi anayofanya. Aache pia jina na namba ya simu ya ndugu mmoja ambaye akipigiwa usiku atapokea.