SOMO: KAMPUNI IKIBISHA HODI KATIKA ARDHI YA JAMII

Lengo la somo: Kukisaidia kikundi kutambua kampuni inayoheshimu wenyeji, na kujua la kufanya kabla mtu yeyote hajatia sahihi.

Ndugu na dada wa vikundi, siku hizi kampuni zinafika mpaka kule ambako zamani hata gari lilikuwa shida. Moja inataka upepo, nyingine mvuke wa ardhini, nyingine madini. Sio kila kampuni ni adui. Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini je, mwenyeji atapona namna gani kama mgeni amekwisha kujenga kabla ya kupiga hodi?

Hebu tujifunze kwa mambo yaliyotokea hapa kwetu Kenya.

Upepo wa Marsabit

Karibu na Ziwa Turkana kuna mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Ilizinduliwa rasmi mwaka 2019. Mradi huo ulipewa ardhi ya ekari 150,000, na barabara ya kilomita 208 hivi kutoka Laisamis ikatengenezwa. Umeme ni mzuri, na barabara ni nzuri. Lakini mwaka 2014 baadhi ya wenyeji walikwenda kortini wakisema ardhi yao ya malisho ilitolewa bila utaratibu. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa kinyume cha sheria. Korti ikatoa mwaka mmoja makosa yarekebishwe, na hata baada ya hapo kesi ikaendelea.

Funzo ni hili: barabara haichukui nafasi ya ruhusa. Ukimpa mtu zawadi baada ya kuingia shambani mwake bila kuuliza, bado hukumuuliza. Na hasara ilipata pande zote mbili, kwa maana hata mwenye mtambo halali usingizi akiwa na hati yenye kesi.

Mvuke wa Olkaria

Huko Olkaria, karibu na Naivasha, familia za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 ili kupisha mradi wa umeme wa mvuke wa KenGen. Zilijengewa nyumba mahali pengine. Hata hivyo watu walilalamika kwa wenye kutoa mkopo, yaani Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Wachunguzi wa Benki ya Dunia waliona, pamoja na mambo mengine, kwamba lugha ya Kimaasai haikutumiwa ipasavyo katika mashauriano, na wazee wa kimila hawakupewa nafasi yao. Baadaye pande zote zilikaa na wapatanishi, na mwaka 2016 zikafikia makubaliano.

Tunaona basi kwamba nyumba ya mabati peke yake sio heshima. Heshima ni pamoja na mama mzee kuelezwa kwa lugha yake, aulize, ajibiwe.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, kifungu cha 36, inasema mapatano ya uwekezaji ni kati ya kampuni na jamii yenyewe. Sio na chifu, wala mheshimiwa, wala mwenyekiti peke yake. Lazima uitwe mkutano mkuu wa jamii, na theluthi mbili ya watu wazima wawepo. Kama jamii yenu ina watu wazima 300, wasiopungua 200 wafike. Tena theluthi mbili wakubali, la sivyo mapatano si halali. Kina mama na vijana ni watu wazima pia, nao wahesabiwe.

Mapatano yaonyeshe madhara kwa mazingira na mila, fidia na mgao wa mapato, mafunzo kwa wenyeji, na jinsi ardhi itakavyotengenezwa kampuni ikiondoka.

Kampuni yenye heshima utaijua hivi:

1. Inakuja kabla ya kupima ardhi, sio baada.
2. Inaeleza faida na hasara pia, kwa lugha ya watu.
3. Inaacha karatasi na kungoja. Ile inayosema "tieni sahihi leo, kesho nafasi itapotea" iogopeni.
4. Inakubali jibu la "hapana", au "sio hapa, hapa ni makaburi ya wazee".
5. Inaweka ahadi zote kwa maandishi, na mahali pa kupeleka malalamiko.

Kazi ya kikundi

Msingoje gari la kampuni lionekane. Anzeni sasa kuandikisha ardhi yenu na orodha ya wanajamii. Chagueni kamati ya ardhi ya watu 7 hadi 15, kama sheria isemavyo. Choreni ramani ya visima, njia za mifugo, malisho ya wakati wa ukame na mahali patakatifu. Kila mkutano uandikwe, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kampuni ikileta mapatano, baki na nakala, mkamwonyeshe wakili mnayemwamini, asiyelipwa na kampuni.

Ardhi ikishatolewa kwa miaka mingi, atakayeuliza ni mjukuu. Heri tumwachie jibu lililoandikwa vizuri.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, ardhi yetu imeandikishwa? Kama bado, ni nani anayeishika kwa niaba yetu?
2. Mkutano ukiitwa wiki hii, ni akina nani hawatafika kwa sababu ya mifugo au maji? Tutawafikiaje?
3. Ni mahali gani hatuwezi kupatoa hata kwa pesa nyingi?