KUPA, KUPEWA NA KUPEANA

Mpenzi msomaji, mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alinitaka niandike somo la mnyambuliko wa vitenzi katika jarida la mwaka huu. Najua wengi wenu mkiliona neno "mnyambuliko" mnarukia ukurasa wa vichekesho. Ngojeni kidogo! Somo hili nimelichota kwenye magunia ya mahindi, na linahusu watu wa hapa hapa Isebania ambao mwezi wa Desemba walikula, na wengine nusura wakose kula, kwa ajili ya maneno.

Desemba 2025, shule zilipokuwa zimefungwa, nilijitolea katika kanisa letu kukusanya na kugawa chakula cha Krismasi kwa familia zenye shida. Tuanze na kitenzi hicho hicho. Asili yake ni toa. Katika kauli ya kutendea unapata tolea. Ukitia ji ya kujirejelea unapata jitolea, yaani kutoa nguvu na wakati wako kwa ajili ya mwingine bila kudai malipo. Ukiangusha silabi moja tu, mambo yanaharibika. Kijana mmoja wa kwaya aliandika kwenye karatasi ya majina, "Nimejitoa." Katibu akamfuta, maana kujitoa aghalabu ni kuondoka katika jambo. Siku ya kazi kijana akafika asubuhi na mapema, akakuta hana zamu. Alikasirika kweli kweli! Silabi le ndiyo iliyomnyima kubeba magunia, ingawa sisi wengine tulipoyaona magunia yenyewe tulimwonea wivu.

Kitenzi toa hakijali unatoa nini. Tunatoa sadaka, na tunatoa takataka. Nililiona jambo hili kwa macho yangu tulipofungua masanduku ya nguo zilizoletwa na waumini. Mlikuwa na sweta nzuri za watoto, zimefuliwa na kukunjwa. Lakini pia mlikuwa na kiatu cha mguu mmoja, koti lisilo na kifungo hata kimoja, na suruali ambayo hata sanamu ya kutishia ndege shambani ingeikataa. Aliyeileta atasema alitoa, na kisarufi hajakosea. Akina mama wa kikundi cha Dorkasi walikaa mpaka usiku wakishona vifungo. Jina la kikundi chao ni la yule mama wa Yafa, aliyeitwa pia Tabitha, ambaye Matendo ya Mitume sura ya 9 inasimulia jinsi alivyowashonea wajane nguo.

Mahindi yalikusanywa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili na kidogo ambao kila mama wa sokoni anao. Gunia la kilo 90 hutoa gorogoro kama 40. Tulipata magunia manne, yaani gorogoro 160. Familia zilikuwa 52, kila moja ikapata gorogoro tatu, zikabaki nne. Walimu wa hesabu wasije wakasema Chama cha Kiswahili hakijui kugawanya! Na hapo pana vitenzi vya kuchunga. Kugawanya ni hesabu, 160 kwa 52. Kugawa ni kutoa mafungu, kugawia ni kumtolea fulani fungu lake, na kugawana ni sisi kwa sisi. Mama mmoja akauliza, "Na pesa ya kusaga?" Swali la maana sana. Mahindi yasiyosagwa ni kokoto tu kwa mtu asiye na shilingi za kisiagi. Basi zile gorogoro nne zikauzwa, na waumini wakachanga juu yake, ili kila fungu liwe na pesa kidogo ya kusaga.

Vipimo vya namna hii ni vya zamani katika lugha yetu. Watu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Waislamu wanapotoa zaka ya fitri mwishoni mwa Ramadhani, kiasi cha kila mtu hutajwa kuwa pishi moja ya chakula cha kawaida cha mahali pale, na inatakiwa itolewe kabla ya swala ya Idi, ili asiye na kitu naye aamke siku hiyo akiwa na chakula ndani. Sisi tuligawa tarehe 23 kwa sababu hiyo hiyo. Chakula cha Krismasi kinachofika jioni ya Krismasi ni cha kesho.

Sasa nije kwenye kitenzi chenyewe. Juu ya lango la kanisa palitundikwa kitambaa kikubwa kilichoandikwa: TUNAPEANA CHAKULA KWA MASKINI. Maneno manne, na mawili yana shida.

Hapa Kenya kila mtu husema "peana". Kondakta wa matatu anakwambia "peana pesa", kiranja anasema "peana vitabu", na mtoto mdogo analia "nipee". Sarufi inakataa. Kitenzi ni pa, kifupi kabisa, nacho hakisimami bila kiambishi cha mtendwa: nipe, umpe, tukupe. Anayepokea hukaa ndani ya kitenzi chenyewe. Akiwa yeye ndiye wa kutajwa kwanza, tunasema amepewa. Kupeana ni kauli ya kutendana, sawa na kupendana na kusalimiana: mimi nikupe, nawe unipe. Kwa hivyo kile kitambaa, ukikisoma kama mtahini wa KCSE, kilisema kwamba kanisa na maskini wanapeana chakula, huyu anampa yule na yule anampa huyu. Aliyekiandika hakukusudia hivyo. Alikusudia "tunatoa" au "tunawapa".

Neno la pili ni maskini. Lilitoka Kiarabu, nasi hulitumia hata kwa kuhurumia: "Maskini, mtoto wa watu ameanguka!" Kumhurumia mtu ni jambo moja, kumtundika langoni ni jingine. Yako majina mengine ambayo watu hutumia, nami nimeyapima moja moja. "Wasiojiweza", yaani wa-si-o-ji-weza, ni watu ambao hata nafsi zao haziwawezekani. Mjane anayelima mashamba ya watu tangu alfajiri ili watoto wanne wale, huyo hajiwezi? Ajabu! "Walengwa" ni neno la mashirika. Ni watu waliolengwa, kama ndege kwa manati. "Wahitaji" linavumilika, maana hata tajiri huhitaji. Serikali nayo, katika mpango wake wa kuwapa wazee walioandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi, ilichagua kitenzi ikaacha jina la mtu: Inua Jamii. Kwa hilo naisifu.

Usisahau kwamba sisi ni watu wa mpakani. Isebania iko Kaunti ya Migori, na ukivuka tu uko Sirari, Wilaya ya Tarime, Tanzania. Kule mama wa mama yako ni bibi. Kwetu ni nyanya, na nyanya ndiyo hiyo hiyo tunayotia kwenye mchuzi. Karatasi moja ilisomeka "Nyumba ya 17: nyanya 3". Ndugu mmoja kutoka Sirari, aliyekuja kutusaidia, akaenda moja kwa moja kutafuta nyanya tatu za mchuzi. Kumbe ni nyanya watatu, wazee wanaoishi pamoja! Tarakimu iliuficha upatanisho wa kisarufi. Ingeandikwa kwa neno, "watatu" au "tatu", hata mtoto wa darasa la kwanza angejua.

Hayo ni ya kuchekesha. Lakini kuna ajuza mmoja anayejua Dholuo peke yake, alisimama nusu saa kwenye foleni ya nguo akidhani ni ya mahindi. Kiswahili kinatuunganisha Wakuria, Waluo, Wakisii na ndugu zetu wa Tanzania, ila si kila mzee anakijua, na matangazo yote yalikuwa kwa Kiswahili. Jambo hili si geni. Matendo ya Mitume sura ya 6 inaeleza jinsi manung'uniko yalivyozuka katika kanisa la kwanza kule Yerusalemu, kwa kuwa wajane wa Wayahudi wasemao Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Wakachaguliwa watu saba wa kuisimamia kazi hiyo. Majina ya wote saba ni ya Kigiriki, wa kwanza akiwa Stefano. Mimi naona hapo kazi ilitiwa mikononi mwa watu waliojua lugha ya waliosahauliwa. Na sikukuu ya Stefano ni lini? Tarehe 26 Desemba, siku ambayo Waingereza waliita Boxing Day kwa sababu ya sanduku la zawadi walilopewa watumishi, nasi wengi tukidhani ni siku ya ndondi. Baada ya kisa cha yule ajuza, msichana mmoja msema Dholuo aliwekwa langoni, na mvulana wa Kikuria kando yake, na foleni zikanyooka.

Fungu moja lilibaki. Jina lilisomwa kwa kipaza sauti mara tatu, "familia maskini, namba 31", wala hakuna aliyeitika. Wako waliosema basi, apewe mwingine, jua linazama. Mwenyekiti wa akina mama alikataa. Aliijua nyumba ile, na alijua ina wajukuu watatu waliofiwa na wazazi. Jioni akatuchukua vijana wawili, tukabeba fungu.

Tulimkuta nyanya amekaa mlangoni. Watoto waliutazama mzigo, yeye hakuutazama. Yule mdogo, wa miaka kama minne hivi, alikuwa akilamba chumvi kiganjani. Nyanya alitukaribisha, akatuletea viti, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimesikia nikiitwa maskini mpaka Sirari wamesikia. Mimi nina ng'ombe na nina shamba. Sina unga tu, na hiyo ni shida ya mwezi huu." Msomaji ambaye si wa huku aelewe kwamba kwa Wakuria ng'ombe ni heshima ya nyumba, ndiye anayelipiwa mahari. Yule mama asingekuja kanisani hata njaa ingemkaza vipi.

Mwenyekiti hakubishana naye. Aliuliza tu, "Mama, viazi vyako vitamu vimekomaa? Siku ya Krismasi tunawapikia watoto wa kanisa chai, na hatuna cha kunywea." Nyanya akamtazama kwa muda. Nadhani aliuelewa mpango wote; wazee si watu wa kudanganywa. Lakini viazi vilikuwa kweli shambani, na watoto wa kanisa kweli walikuwa na chai kavu. Akainuka, akachukua jembe, akatuambia, "Wajukuu, njooni mchimbe, mgongo wangu umekataa." Tulichimba mpaka giza likaingia. Mahindi yaliingia jikoni kwake, nasi tukaondoka na ndoo mbili za viazi.

Sasa hapo, mpenzi msomaji, kitenzi peana kilitumika sawasawa. Sisi na nyanya tulipeana. Kauli ya kutendana inadai pande mbili, ndiyo maana huwezi kusema "mimi nilipeana" halafu ukanyamaza. Lazima ueleze ulipeana na nani. Kitambaa cha langoni kilikosea siku nzima, kikaja kusahihishwa magharibi kwa jembe.

Sisemi kila familia idaiwe viazi. La hasha! Walikuja wagonjwa, na walikuja watu ambao wamekodi chumba kimoja wala hawana hata kitalu cha sukuma wiki. Kumtoza mtu kama huyo kitu ndipo aheshimiwe ni ukatili mwingine tu. Hao walipewa, na kupewa si aibu, ikiwa anayekupa anaongea nawe kama mtu na hakupigii kelele za kipaza sauti.

Mwaka huu wa 2026 kamati imekubali mambo mawili. Kipaza sauti kitakuwa cha nyimbo peke yake, na juu ya orodha pataandikwa "Majirani". Maneno ya kitambaa kipya bado yanajadiliwa. Wako wanaotaka "Tunagawana Krismasi". Mimi nawaunga mkono, ikiwa tutagawana kweli. Vinginevyo waandike "Tunatoa", wasiongope.

ZOEZI. Sahihisha au utetee sentensi hizi, na utoe sababu: Nimejitoa kubeba magunia. Nyanya 3 wapewe sabuni. Kiranja amepeana vitabu. Chakula kilipeanwa kwa wasiojiweza. Majibu yaletwe kwa katibu wa Chama kabla ya mwisho wa muhula. Mshindi atapewa daftari jipya. Atapewa, jamani, si "atapeanwa"!